Nani Alifunga Mfuniko

Kucha za mtuhumiwa zilikuwa safi. Inspekta alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenyewe usoni, maana usoni hapakuwa na cha kusoma. Mtu kaendesha lori la mafuta mazito miaka kumi na saba, halafu kucha nyeupe kama za karani.

"Mara ya mwisho kushika mafuta ilikuwa lini?"

"Mwezi wa tano huu, tangu wanifukuze."

"Hawakukufukuza. Kiwanda kiliacha kuchoma mafuta."

"Wewe ungeitaje, Afande? Kesho serikali ikisema haihitaji tena wapelelezi, utafika nyumbani umwambie mkeo hukufukuzwa?"

Koplo, aliyekuwa akiandika maelezo kwenye kona ya meza, alicheka kisha akajifanya anakohoa.

Inspekta hakucheka. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi ya Jumatano, na saa nane mchana faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka. Kosa la kuua halina dhamana. Huyu akishavuka mlango wa mahakama, atakaa ndani miaka miwili mitatu akisubiri tu kusikilizwa.

Na kesi yenyewe, ukiitazama haraka, ilikuwa imeiva. Kiwanda cha blanketi kilikuwa kimeng'oa mitambo ya mafuta na kuanza kuchoma vidonge. Ndivyo wafanyakazi walivyoviita: maranda ya viwanda vya mbao, yaliyosagwa na kubanwa kwa mashine mpaka yakawa vipande vigumu vya ukubwa wa kidole cha mwisho. Boila ilikuwa inameza vidonge kama mgonjwa wa wodini, walitania. Jumatatu mchana fundi mkuu wa boila alikutwa amekufa ndani ya ghala la vidonge hivyo, na mfuniko wa ghala umefungwa kwa komeo, kwa nje. Hakuwa na jeraha hata moja.

Marehemu alikuwa mume wa dada yake mtuhumiwa. Jumapili jioni mashemeji hawa wawili waligombana nje ya nyumba, majirani wakisikia. Dereva alimwambia fundi, "Hivyo vidonge vyako vitakumeza wewe kwanza." Kesho yake asubuhi mlinzi wa geti akamwona dereva akiingia kiwandani, mahali ambapo hakuwa tena na kazi. Na kwenye komeo la ule mfuniko kulikuwa na doa jeusi la mafuta mazito, bichi kabisa.

Lakini kucha zilikuwa safi.

"Uliingia saa mbili na nusu," alisema Inspekta. "Ulitoka saa tatu na dakika ishirini. Ulifuata nini?"

"Shida zangu."

"Shida gani?"

"Zangu."

"Unajua hili neno 'zangu' linaweza kukufunga maisha?"

Dereva alitazama dirisha. "Andika unachotaka kuandika, Afande. Mimi sikumuua baba wa wapwa zangu."

Inspekta alifunga faili. Alikuwa amehoji waongo wengi, na waongo humpa mtu hadithi. Huyu hakuwa na hadithi yoyote, na hilo lilimchanganya kuliko uongo.

Nje, kwenye benchi la mbao la kituo, mjane alikuwa amekaa pale pale alipomwacha. Alikuwa mwanamke mrefu, kajifunga kitenge kifuani na kingine kichwani, na mkononi ameshika viatu vyake kana kwamba amesahau huvaliwa wapi.

"Amekiri?" aliuliza.

"Bado, dada yangu."

"Usimwachie. Ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, lakini usimwachie. Tangu hivyo vidonge vije alikuwa hamsalimii mume wangu. Alikuwa anakula kwangu akimpa mgongo. Mimi ndiye niliyewaambia polisi, na nitasema tena hata mbele ya hakimu."

"Siku ile alikuaga kwamba anakwenda kiwandani?"

"Aliniomba kalamu," alisema mjane, kisha akakunja uso kama mtu aliyeona jambo lisilo na kichwa wala miguu. "Kalamu na karatasi. Sijui alitaka kuandika nini, na yeye tangu shule hajaandika barua."

Inspekta aliweka hilo kichwani, juu ya mengine yaliyokuwa tayari yanasukumana humo.

*

Ghala la vidonge lilikuwa chumba cha zege, nusu yake imezama ardhini, nyuma ya nyumba ya boila. Juu yake kulikuwa na mfuniko wa chuma wa upana wa meza ndogo, na ndani ngazi ya chuma ya kushukia. Vidonge vilimwagwa kwa juu na kuteremka vyenyewe hadi kwenye boila kwa chini. Vikikwama, mtu alishuka na beleshi kuvikwamua. Inspekta mwenyewe alikuwa ameamuru lifungwe Jumatatu jioni, na utepe wa polisi bado ulikuwa umezungushwa juu ya mfuniko.

Mzee aliyekuwa akisubiri pale aliitwa Pua. Jina la kwao hakuna aliyelikumbuka. Enzi za mafuta, kazi yake ilikuwa kunusa. Kila mara kabla ya mtu kushuka kwenye tangi la mafuta kulisafisha, Pua alifunguliwa mfuniko, akaingiza kichwa, akavuta pumzi moja, akasema "shuka" au "ngoja". Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyefia kwenye tangi la kiwanda kile.

"Jumatatu ulinusa?" Inspekta alimuuliza.

"Nilinusa. Fundi hakuwa mtu wa kudharau. Vidonge vilikuwa vimekwama tangu boila izimwe Ijumaa. King'ora cha saa tatu kilipolia ndipo alipofungua mfuniko, akaniambia, Pua, ninusie."

"Ukanusa nini?"

"Mbao. Harufu tamu kabisa, kama umesimama mlangoni kwa seremala. Nikamwambia, shuka, mwanangu, huku hata mtoto mchanga analala."

"Halafu?"

"Akashuka."

"Wewe ukabaki hapa?"

Mzee alikuna shingo. "Zamani tulikuwa tunabaki. Kwenye mafuta mtu wa pili hatoki mdomoni mwa tangi mpaka mwenzake apande. Sasa hivi ni vidonge tu, Afande. Nisimame nilinde maranda? Na tena alikuwa amenituma."

"Kakutuma wapi?"

"Kwa shemeji yake."

Inspekta aligeuka mzima mzima. Hata Koplo aliacha kuandika.

"Shemeji yake alikuwa wapi?"

"Kwenye benchi, upande wa choo cha wanaume. Alikuja mapema na karatasi yake mkononi. Nilimwona anaikunja anaikunjua mpaka inataka kuchanika. Anaomba kazi ya kubeba magunia ya vidonge. Anaona haya kwenda ofisini, alitaka shemeji yake ampelekee. Nikamwambia fundi, akasema, mwambie anisubiri, nikwamue hivi kwanza, nakuja."

"Mzee, siku tatu nzima jambo hili hukulisema!"

"Hamkuniuliza. Mliniuliza nilinusa nini."

Koplo alitoa leso akajifuta uso mzima. Inspekta alikaa juu ya gunia. Ile kesi iliyoiva ilikuwa imeanza kuoza mkononi. Mtu aliyekuja kuomba kazi kwa shemeji yake, kwa aibu, na barua ya maandishi ya tabu, anamuuaje huyo huyo anayemtegemea kabla hajampelekea barua ofisini? Na kama si yeye, nani alifunga mfuniko?

"Doa la mafuta kwenye komeo," alisema, akishika jani la mwisho lililobaki mtini. "Hapa hakuna mafuta tena. Limetoka wapi?"

"Ni langu," alisema Pua. "Pipa moja lilibaki. Kila Ijumaa napaka makomeo yote, yasije yakashika kutu. Mazoea."

Kwa hiyo kila aliyeligusa lile komeo tangu Ijumaa alipaswa kuwa na mkono mweusi. Dereva alikamatwa Jumatatu hiyo hiyo mchana, kabla hajaoga, na Koplo mwenyewe ndiye aliyemchukua alama za vidole.

"Koplo, ulipomchukua alama, mikono yake ilikuwaje?"

"Safi, Afande. Mpaka nikamwambia, wewe dereva wa mafuta au wa ofisini?"

"Na hukuona sababu ya kuniambia?"

"Kichwa kilikuwa kinaniuma siku ile. Kichwa kilitaka kupasuka, na nikatapika mara mbili. Si unakumbuka mlivyonicheka, eti namwogopa maiti?"

Inspekta alikumbuka. Alikuwa amecheka kuliko wote. Koplo ndiye aliyeshuka kumfunga marehemu kamba, na alipopanda alikuwa anayumba kama mlevi. Lakini Koplo alikuwa mnene, na jua lilikuwa kali, na hakuna aliyelitilia maanani.

"Alikuwa amelala wapi, marehemu? Nieleze tena."

"Chini ya ngazi hapo hapo. Nyayo mbili tu kwenye vidonge, basi. Beleshi liko pembeni, halijachota kitu."

*

Mama wa stoo alikuwa na ofisi ya bati karibu na ghala, na nyuma yake alifuga kuku wachache ambao meneja alijifanya hawaoni. Ukutani kwake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: VIDONGE VIKILOWA NI UJI. MVUA IKIANZA TU, FUNGA.

Inspekta aliisoma mara mbili. Kisha akatazama kanga ya mama wa stoo iliyoanikwa kwenye kamba. Kwenye pindo lake kulikuwa na michirizi myeusi mitano, na ilikuwa imefuliwa, lakini mafuta mazito hayatoki kwa sabuni ya mche.

"Jumatatu kulinyesha?" aliuliza kwa sauti ya mazungumzo.

"Manyunyu tu."

"Saa ngapi?"

Mama wa stoo naye aliitazama kanga yake. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na midomo yake ilianza kucheza kabla sauti haijatoka.

"Mama, mimi sikukamati. Lakini kuna mtu anakwenda kufungwa maisha leo saa nane. Nani alifunga mfuniko?"

"Mimi," alisema, akakaa chini kwenye sakafu kama gunia lililokatwa kamba. "Uwiii, mimi. Nisingefunga angekuwa hai. Tangu Jumatatu sijaweka tonge mdomoni. Nikisema ni mimi nitalala wapi, Afande? Na nina mgonjwa nyumbani?"

"Hukutazama ndani?"

"Mle ni giza tu, Afande, lakini nilipiga! Ndiyo kawaida yetu tangu enzi za mafuta, unapiga chuma mara tatu, ngo ngo ngo, aliye ndani anajibu. Nikapiga mara tatu kwa jiwe. Kimya. Nikarudia, maana fundi alikuwa na masikio mazito kidogo. Kimya. Nikajua amekwishapanda. Nikafunga nikakimbilia kanga zangu."

"Ilikuwa muda gani baada ya king'ora?"

"King'ora kimelia, nikamaliza kupanga magunia manne, manyunyu yakaanza. Si zaidi ya dakika tano, Afande. Magunia manne tu."

Inspekta alirudi nje akasimama kwenye jua. Alihisi kama mtu anayesokota kamba na kuikuta ina ncha tatu.

King'ora. Pua ananusa. Fundi anashuka akiwa mzima, anaongea, anatuma ujumbe. Dakika tano baadaye mtu anagonga chuma juu ya kichwa chake, mara sita, naye hajibu. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Kwa hiyo mfuniko ulipofungwa, fundi alikuwa ameshakufa, au ameshaanguka. Siku tatu walikuwa wanamtafuta aliyefunga mfuniko, na aliyefunga mfuniko hakuua mtu.

Sasa aliyeua ni nani?

Alimpigia simu daktari wa hospitali aliyempasua marehemu. Daktari huyo alikuwa mtu wa haraka na asiyependa simu.

"Nilikwambia damu yake ni nyekundu mno," alisema. "Na midomo. Ulisema unatafuta sumu kwenye chupa ya chai. Mimi nikakuacha utafute."

"Chai haina kitu. Ulimaanisha nini kuhusu damu?"

"Umeshawahi kumwona mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa?"

Inspekta alikuwa amewaona, familia nzima mara moja, kitanda kimoja. Walikuwa wamenawiri kama watu waliolala usingizi mzuri.

"Basi alikuwa hivyo hivyo," alisema daktari.

"Lakini mle hakuna jiko, Daktari! Hakuna moto. Ni maranda makavu tu kwenye giza."

Daktari alishusha sauti. "Hapo unanizidi. Nimewahi kusikia kwamba unga wa mti ukirundikwa mahali palipofungwa unakula hewa safi polepole, na kutoa gesi ile ile ya mkaa. Sijawahi kuona kwa macho yangu. Vidonge vina joto?"

Inspekta alimgeukia mama wa stoo. "Vidonge vikikaa, vina joto?"

"Kama yai lililotoka chini ya kuku," alijibu mama wa stoo kutoka sakafuni.

"Usimshushe mtu mle," alisema daktari, akakata simu.

"Gesi?" Pua alikuwa amesikia. Alikuja karibu, mgongo umenyooka, sauti imekuwa ya ukali. "Afande, usinivunjie heshima. Mimi gesi naijua. Gesi ingekuwepo ningeinusa. Muulize mtu yeyote hapa."

"Hii inasemekana hainuki, mzee."

"Hakuna kitu kinachoua ambacho hakinuki!"

Inspekta alitazama saa. Saa sita na robo. Alitazama kuku.

"Mama," alisema, "nahitaji kuku wawili."

*

Meneja alitoka ofisini mbio alipoambiwa polisi wanashusha kuku ghalani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tai, na alikuwa amekonda zaidi tangu Jumatatu, maana mashine zilikuwa zimesimama na blanketi zilikuwa zinasubiri mvuke.

"Mnataka turudi kwenye mafuta?" alipiga kelele. "Mnajua tumehangaika kiasi gani? Moshi mweusi umekwisha, watoto wa mtaa hawakohoi, maranda yaliyokuwa yanatupwa mtoni sasa yana kazi. Mkisema vidonge vinaua watu, nani atavitaka?"

"Tulia kwanza," alisema Inspekta. "Mimi sijasema kitu. Mimi hata sielewi. Kuku ndiye atakayesema."

Kuku wa kwanza, mweusi, walimtia kwenye tenga lenye kamba. Koplo alikata utepe, akaziba pua na mdomo kwa leso, akainua mfuniko na kurudi nyuma haraka. Harufu iliyotoka ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa harufu ya meza mpya, ya mlango uliopigwa randa asubuhi ile. Inspekta alilazimika kujizuia asivute zaidi.

Wakashusha tenga. Kuku alilia kwa hasira, akapiga mbawa mara mbili. Koplo alihesabu kwa saa ya mkononi. Dakika moja. Kelele zikapungua. Dakika ya pili hawakusikia kitu.

Walipompandisha, shingo yake ilikuwa imelala nje ya tenga.

"Maskini, jana katoka kutaga," alisema mama wa stoo.

"Kuku ni kuku," alisema Pua, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Amekufa kwa woga. Mtie mtu yeyote kwenye tenga umshushe shimoni, hatakufa?"

Inspekta alikuwa amelitegemea neno hilo. Hatua hamsini kutoka pale lilikuwepo tangi la zamani la mafuta, ambalo walikuwa hawajapata wa kulibomoa. Walipofungua mfuniko wake watu wote walirudi nyuma. Ulikuwa uvundo wa miaka ishirini, wa masizi na mafuta yaliyoganda, unaokwama kooni kama mfupa.

"Mzee," alisema Inspekta, "hapa ungesemaje?"

Pua aliinama, akavuta pumzi moja, kama alivyofanya maisha yake yote. "Ngoja," alisema. "Hapa simshushi mtu."

"Mshushe kuku, Koplo. Muda ule ule."

Kuku wa pili, wa kahawia, alishuka akilalamika. Dakika moja, analalamika. Dakika mbili, analalamika. Dakika ya tatu alikuwa anatukana kwa lugha ya kuku, na tenga lilipofika juu aliruka, akamkwaruza Koplo shavu, akakimbia hadi nyuma ya stoo huku anajikung'uta.

Hakuna aliyecheka. Meneja alilegeza tai yake. Inspekta mwenyewe alikuwa bado anajaribu kuviweka vitu viwili hivyo mahali pamoja kichwani, harufu mbaya iliyorudisha kuku hai, na harufu nzuri iliyomrudisha na shingo imelegea. Vilikuwa vinakataa kukaa.

Pua alikuwa amesimama katikati ya mifuniko miwili. Alitazama huku, akatazama kule. Halafu akashika pua yake kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepapasa kitu alichokuwa anadhani anakijua.

"Nilimwambia shuka," alisema. "Nilimwambia, mwanangu, huku hata mtoto mchanga analala."

Mama wa stoo alimshika mkono. Mzee aliutoa, akaenda kukaa kwenye benchi la upande wa choo cha wanaume, peke yake.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza meneja, safari hii kwa sauti ndogo.

"Toboeni matundu, wekeni feni. Na asishuke mtu kabla ghala halijapigwa hewa siku nzima, wala asishuke bila mwenzake juu na bila kifaa cha kupima hewa. Sikukwambia urudi kwenye mafuta. Nimekwambia hivi si mafuta, na nyinyi mnaviendesha kama mafuta." Aligeuka kumtazama Koplo. "Na wewe, unakwenda hospitali leo. Nikusamehe kwa kuficha habari ya kucha, na wewe unisamehe kwa kukucheka."

*

Saa saba na dakika arobaini mkuu wa kituo alikuwa na faili mezani, anatafuta ukurasa ambao haukuwepo.

"Muuaji ni nani?" aliuliza.

"Hayupo, mkuu."

"Hayupo maana yake katoroka?"

"Hayupo maana yake hakuwepo."

"Mtu amekufa, mfuniko umefungwa kwa nje, wewe unaniletea kuku wawili na mzee anayenusa." Mkuu wa kituo alivua miwani. "Nitaandika nini hapa kwenye mtuhumiwa?"

Inspekta alifikiri. Walio karibu zaidi na jina lile walikuwa mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi kiwandani, na mama aliyekuwa hajala siku tatu, na meneja mwenye tai, na yeye mwenyewe aliyemcheka Koplo Jumatatu. Hakuona ampe nani.

"Paache wazi," alisema. "Daktari anatuma maelezo yake. Mimi nakwenda kumtoa dereva."

Dereva alipofunguliwa mlango hakuuliza chochote. Alikaa akisikiliza habari yote, toka vidonge mpaka kuku. Mwisho Inspekta akamwambia na lile lingine, maana aliona hana haki ya kukaa nalo: kwamba shemeji yake alikuwa ameambiwa habari ya barua, na alisema asubiri, anakuja.

"Pua hakunikuta," alisema dereva. "Manyunyu yalipoanza nilijisogeza chini ya bati, nyuma. Nikasubiri. Nikaona haji. Nikasema moyoni, haya, ndiyo kashakuwa mkubwa, hata kutoka aniangalie hataki." Alivitazama viatu vyake visivyo na kamba. "Nilimtukana njia nzima mpaka nyumbani, Afande. Na yeye yuko mle chini."

Inspekta alifungua bahasha ya vitu vyake. Alimrudishia mkanda wake na kamba za viatu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Nje, mjane alikuwa bado kwenye benchi. Inspekta alimweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Mwanamke alisikiliza huku anatikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayetafuta kituo kwenye redio.

"Kwa hiyo nani?" aliuliza. "Mimi nimekusikia, Afande. Maranda yanakula hewa. Sawa. Lakini nani?"

"Hakuna mtu, dada yangu."

"Haiwezekani. Nimchukie nani sasa?"

Ndipo mlango ulipofunguliwa nyuma yao na dereva akatoka, viatu havijafungwa, akikunja macho kwa mwanga. Alimwona dada yake akasimama. Mjane naye aliinuka nusu, akakaa tena. Viatu alivyokuwa ameshika tangu asubuhi vilimponyoka vikaanguka sakafuni, na hakuviokota.

"Kaka," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akaanza upya. "Kaka, mimi ndiye niliyewaambia. Kwa mdomo wangu huu. Nilisema usiachiwe, nika..."

"Watoto wamekula?"

"Nilikwambia mimi ndiye..."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza, watoto wamekula?"

Alimtazama kaka yake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Tangu jana uji tu," alisema. "Sijawasha moto."

Dereva aliinama, akaviokota vile viatu, akavipanga mbele ya miguu yake, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto.

"Vaa," alisema. "Twende tukawapikie."